Sura ya Sita: Nyani Mzee na Mishale Yake

Msemo huu umetembea nchi nyingi kuliko nyani mwenyewe: ukimwona nyani mzee, ujue amekwepa mishale mingi. Utausikia kwenye baraza za kahawa, kwenye kampeni za uchaguzi, na kwenye kijiwe cha bodaboda pale dereva wa makamo anapowaeleza vijana kwa nini yeye hajawahi kufungwa plasta. Anayeutumia huwa anajisifu, na mara nyingi ana haki ya kujisifu. Lakini wahenga walimwacha nyani wao palepale mishale ilipokoma. Hawakutuambia kwamba akishaikwepa yote, anakwenda kukaa na nani.

Swali hilo ndilo la sura hii, na kulijibu si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa, kwa sababu mnyama wa porini hana cheti cha kuzaliwa. Ukimkuta dume mwenye manyoya yaliyochakaa na chonge zilizosagika, unaweza kusema ni mzee, basi. Ni mzee wa miaka mingapi? Alikuwaje alipokuwa kijana? Huenda tangu ujana wake alikuwa mpweke, na uzee haukumpunguzia kitu. Ili kujua umri unambadilishaje mtu, au nyani, lazima uwepo siku alipozaliwa na uendelee kuwepo.

Hilo ndilo lililofanyika Amboseli, kusini mwa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka 1971, mradi ulioanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann umekuwa ukiwafuata nyani wa manjano kwa miguu, kizazi baada ya kizazi. Nyani hawachorwi alama ili watambuliwe. Hutambuliwa kwa sura, kama unavyomtambua jirani yako akiwa bado mbali. Wanaowatambua hivyo ni wachache. Majina ya Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere yameandikwa kwenye makala nyingi za kisayansi zilizotoka huko, na bila macho yao profesa yeyote wa ng'ambo angekuwa anahesabu vivuli.

Jeanne Altmann alisomea hisabati kabla ya kuingia kwenye mambo ya wanyama, na mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu namna ya kutazama. Kutazama tu. Kanuni inayofuatwa Amboseli ni hii: chagua nyani mmoja kwa mpangilio usiotegemea matakwa yako, mfuate kwa dakika kumi, na kila dakika andika anafanya nini na nani yuko karibu naye. Dakika kumi zikiisha, nenda kwa anayefuata kwenye orodha. Ugomvi ukilipuka upande wa pili wa kundi, hukimbilii huko. Ukimkuta ajuza amelala kivulini mwa mgunga, unaandika kwamba ajuza amelala kivulini mwa mgunga, mara kumi. Mbinu hii inamnyima mtazamaji ruhusa ya kufuata kelele, na uzee ni jambo la kimya. Pasipo kanuni hiyo, tungekuwa na madaftari yaliyojaa vita vya madume vijana, na wazee tungewaona kama mawe ya pembeni.

Maisha ya jike na ya dume hayafanani hata kidogo, kwa hiyo hata uzee wao haufanani.

Jike huzaliwa katika kundi na kufia humo. Cheo anakirithi kwa mama yake, akisimama ngazi moja chini yake, na aliyezaliwa na mama wa juu hupishwa njia na majike watu wazima angali mdogo. Kwa hiyo anazeeka kati ya watu wake: dada, binti, wajukuu. Akifika miaka 20 ni kikongwe. Wanaovuka 25 ni wachache sana. Kazi yake kubwa ya kijamii, mchana kutwa, ni kuchambuana manyoya na wenzake. Anayetazama kwa mbali hudhani ni kupoteza muda. Mtafiti Mkenya Mercy Akinyi na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba nyani wa Amboseli wanaochambuliwa zaidi wana kupe wachache zaidi, na kupe mwituni si mchezo. Mwaka 2003, Joan Silk, Susan Alberts na Jeanne Altmann walikuwa tayari wameonyesha kwamba majike wenye uhusiano mzuri na wenzao huokoa watoto wengi zaidi, na baadaye ikaonekana kwamba wao wenyewe pia huishi muda mrefu zaidi. Urafiki, kwa jike wa nyani, unahesabika kwa miaka.

Dume huondoka. Akishabalehe, kwa kawaida akiwa na miaka saba au nane, huliacha kundi la mama yake na kwenda kubisha hodi ugenini. Huko hakuna urithi. Cheo ni chonge, misuli na uthubutu, na vyote vitatu vina tarehe ya mwisho. Dume hupanda, hufika kileleni, na wengi hushushwa mapema, mara nyingine kabla hata mwaka haujaisha. Kileleni kwenyewe nako hapana raha tunayoidhania. Utafiti wa Amboseli uliotoka mwaka 2011 ulipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha madume 125 kwa miaka tisa, ukakuta kwamba dume kinara ana msongo mkubwa sawa na wale wa mkiani kabisa. Namba mbili yeye alikuwa ametulia zaidi. Na mwaka 2021 watafiti wa hukohuko, wakisoma alama za kikemikali zinazokaa juu ya DNA na kubadilika kadiri umri unavyokwenda, walikuta kwamba madume wa vyeo vya juu wanaonekana wazee kuliko miaka yao. Waliposhuka cheo, saa hiyo ya mwilini ilipunguza mwendo. Kwa maneno mengine, ukubwa unazeesha, na nyani analipa deni hilo kwa mwili wake.

Halafu anashuka. Hapo ndipo kisa cha Maasai Mara kinapoanza.

Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alianza kwenda Mara mwaka 1978 akiwa kijana, na kwa miaka mingi alirudi huko karibu kila mwaka. Alihitaji damu ya nyani ili apime homoni zao, na ili apate damu ilimbidi awalaze kwanza. Alitumia bomba la kupuliza lenye sindano ya usingizi. Yaani alikuwa anawapiga nyani mishale, sawasawa na ule msemo. Ilimbidi amvizie nyani asipotazama, kwa sababu nyani aliyeshtuka damu yake imeshavurugika na kipimo hakina maana tena. Nyani nao si wajinga. Walijifunza kumkwepa, naye akajifunza kujificha.

Kati ya mambo aliyoyaona, moja lilimsumbua. Madume wazee, walioshapita enzi zao, wengine walikuwa wanahama kundi. Kijana kuhama kunaeleweka, anatafuta majike na nafasi. Lakini mzee? Anaacha eneo analolijua mti kwa mti, anajua maji yako wapi wakati wa kiangazi na simba hulala upande gani, anavuka mbuga peke yake macho yakiwa yamefifia, anakwenda kuingia kundi ambalo hakuna anayemjua. Kwa hesabu ya kawaida ni upumbavu.

Jibu alilolichapisha mwaka 1996 liko hivi. Mzee anayebaki katika kundi alilowahi kulitawala huonewa sana, tena haonewi na kila mtu. Wanaomwonea ni wale madume waliokuwa wadogo wakati yeye ni kinara. Waliokuwa wakimpisha njia, waliokuwa wakinyang'anywa naye chakula, leo wana chonge ndefu na kumbukumbu. Anayehamia kundi jipya hupata mapokezi tofauti. Kule hana historia. Ni mzee tu, hana tishio, hana deni la mtu. Wanampita.

Nakiri kwamba nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka, nikimkumbuka mkurugenzi mmoja mstaafu niliyemkuta kwenye foleni ya ofisi aliyokuwa akiiongoza. Karani, ambaye zamani alikuwa akisimama wima kila mzee yule anapopita, alimwambia akae kwenye benchi asubiri aitwe. Aliitwa wa mwisho. Baadaye nilisikia amehamia mkoa mwingine, nikaacha kucheka.

Lakini si wazee wote wa Mara waliohama. Sapolsky aliandika pia kuhusu waliobaki, na waliobaki walikuwa na kitu kimoja: majike marafiki. Hao ni madume ambao katika ujana wao, mbali na kupigana, walipata muda wa kukaa na majike, kuchambua na kuchambuliwa, kubeba watoto. Uonevu uliwafikia nao, ila walikuwa na pa kukaa ukipita. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, hesabu ndefu za Amboseli zikasema jambo la aina hiyohiyo kwa njia yao kavu: madume wenye uhusiano imara na majike wanaishi zaidi.

Hapa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo nyani wa porini hawakulijibu. Je, mzee hujitenga, au hutengwa?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Rocamadour, kuna msitu wa utalii wanamoishi makaki wa Barbari, kima wasio na mkia ambao kwao asili ni milima ya Morocco na Algeria. Wanazunguka huru, wageni wanatembea kati yao. Mwaka 2016 Laura Almeling, Julia Fischer na wenzao wa kituo cha utafiti wa nyani na kima cha Göttingen, Ujerumani, walichapisha walichokikuta kwa makaki zaidi ya 100, kuanzia vijana wa miaka minne hadi vikongwe wa miaka 29.

Walianza na vitu vigeni. Waliwapa vidude vya kuchezea vyenye umbo la wanyama. Waliwapa kasha angavu lenye majimaji mazito na vipande vinavyometameta ndani, kitu ambacho mtoto wa binadamu asingekiachia mpaka usingizi umshike. Na waliwapa bomba lisiloonyesha ndani, lililozibwa kwa karatasi laini, lenye chakula. Wadogo walirukia kila kitu. Watu wazima, hata wale ambao bado ni vijana, walivitupia jicho vidude na kasha wakaendelea na shughuli zao. Bomba peke yake ndilo lililowavuta, maana lina tumbo ndani yake. Vikongwe hata bomba halikuwashughulisha sana. Kwa hiyo udadisi wa vitu unakufa mapema, mapema kuliko nilivyotarajia.

Udadisi wa jamaa ulikuwa na habari nyingine. Watafiti waliwaonyesha picha za wenzao, wakiwemo watoto wachanga, na vikongwe walizitazama. Walificha spika vichakani na kupiga sauti ya mwenzao anayelia kwa kuumizwa. Majike walipindua shingo kuelekea sauti hiyo, na walifanya hivyo zaidi anayelia akiwa rafiki, ajuza sawa na kijana. Lakini majike hao wazee, katika shughuli za kila siku, walikuwa wakichambua wenzao wachache zaidi. Wenzao nao hawakuwa wamewasusa. Waliendelea kuwaendea na kuwachambua. Mzee alikuwa anasikia kila kitu na kumjua kila mtu. Alichopunguza ni safari.

Ungeweza kupinga, na ningekuunga mkono, kwamba huku ni kulinganisha wazee wa leo na vijana wa leo. Huenda wazee hawa walikuwa wakimya tangu zamani, na wachangamfu walikwisha kufa. Pingamizi hilo lilijibiwa kisiwani Cayo Santiago, pwani ya Puerto Rico. Kisiwa ni kidogo, hekta 15 hivi, na makaki wake aina ya resusi ni kizazi cha wanyama 409 walioletwa kutoka India mwaka 1938. Erin Siracusa, Lauren Brent na wenzao walichukua kumbukumbu za miaka minane za majike zaidi ya 200 na kumlinganisha kila jike na yeye mwenyewe: alivyokuwa, na alivyokuja kuwa. Matokeo yao ya mwaka 2022 hayana utata. Kadiri jike anavyozeeka, idadi ya anaokaa nao inapungua, na si kwa sababu marafiki wamekufa wala kwa sababu anakwepwa. Wenzake wanamwendea vilevile. Yeye ndiye asiyewaendea wengi. Anaobaki nao ni ndugu, na wale ambao urafiki wao ulikuwa mkubwa na wa muda mrefu.

Kisiwa hicho kilipigwa na kimbunga Maria tarehe 20 Septemba 2017, miti yake mingi ikaanguka. Watafiti waliopima damu za makaki baadaye walikuta kinga za mwili za walionusurika zimezeeka kama kwamba wameongezewa miaka miwili hivi, na miaka miwili kwa makaki ni kama saba au minane kwetu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba baada ya kimbunga makaki hao walianza kuvumiliana zaidi na kutafuta wenza wapya, kwa sababu kivuli kilikuwa kimebaki kidogo na kila mtu anakihitaji. Kumbe hesabu ya nani wa kukaa naye haijachongwa kwenye jiwe. Hali ikibadilika, inapigwa upya.

Wanasaikolojia wa binadamu walikuwa na maelezo yao tayari. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford amefundisha kwa muda mrefu kwamba sisi hupunguza watu uzeeni kwa sababu tunajua siku zimebaki chache, hivyo hatutaki kuzimaliza kwa watu wa juujuu. Ni maelezo mazuri, na kwa binadamu yana ushahidi wake. Tatizo ni makaki. Hakuna ushahidi wowote kwamba makaki anajua atakufa. Hapigi hesabu ya Krismasi zilizobaki. Na bado anafanya vilevile.

Wala si makaki peke yake. Huko Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti waliwafuata sokwe madume 21, wa miaka 15 hadi 58, kuanzia 1995 hadi 2016, saa 78,000 za kutazama. Sokwe si nyani wala kima, ni jamaa zetu wa karibu zaidi, lakini walichofanya kinaingia humu. Kijana wa sokwe hukaa na mwingine kwa hamu ya upande mmoja: anamng'ang'ania mkubwa ambaye hamjali. Mzee hukaa na anayetaka kukaa naye. Urafiki wa upande mmoja unapungua, wa pande mbili unaongezeka, na ugomvi unapungua. Alexandra Rosati na wenzake walipolichapisha hili mwaka 2020, walisema wazi kwamba huenda kujua kifo hakuhitajiki hapo.

Kwangu maelezo ya kawaida yanatosha zaidi kuliko ya kifalsafa. Mzee anachoka upesi. Jeraha lake haliponi haraka. Kila anayemsogelea anaweza kumng'ata, isipokuwa wale ambao miaka kumi imeshamwonyesha kwamba hawang'ati. Anaowachagua ni wale asiohitaji kuwakodolea macho. Huenda nasi ndivyo tulivyoanza, na habari za kifo tukaziongeza baadaye kwa sababu tuna maneno.

Nionye kidogo, lakini. Makaki wa Rocamadour na wa Cayo Santiago wanalishwa na watu, na hakuna chui anayewanyemelea. Mwituni wachache hufika umri huo, na mzee mzembe haandikwi kwa muda mrefu.

Na msomaji atauliza, vipi bibi? Je, ajuza haishi ili awalee wajukuu, kama bibi zetu? Gombe, upande wa Kigoma, nyani wamefuatiliwa tangu miaka ya 1960, si sokwe wa Jane Goodall peke yao. Mwaka 1998 Craig Packer, Marc Tatar na Anthony Collins walipiga hesabu kwa kumbukumbu hizo. Uzazi wa jike huanza kushuka akifika miaka 21 hivi, lakini wajukuu wenye bibi hawakuishi zaidi ya wasio naye. Miaka inayobaki inamtosha kumkuza mtoto wake wa mwisho, na ndiyo faida yake. Bibi wa nyani anachambuliwa na binti zake, ila hadithi hana.

Ukipata nafasi ya kuingia hifadhi ya Mikumi, nyani utakaowaona ni wa manjano, kama wale wa Amboseli. Usiwape ndizi, ni kosa, na nyani aliyezoea ndizi huishia vibaya. Zima injini. Tafuta mzee: manyoya yamechakaa, na akipiga miayo utaona chonge zimekwisha. Tazama saa yako, mpe dakika kumi, na kila dakika andika nani yuko karibu naye. Kama hayupo mtu, andika hivyohivyo.